ALIYEOKOLEWA MAJINI HARUDISHWI MAJINI



Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, juma lililopita baada ya darsa ya Magharibi kijana mmoja alinifuata pale barazani pa msikiti. Akaniuliza mbele za watu: "Shekhe, serikali ikisema wakimbizi sasa basi, sisi Waislamu si tumeamrishwa kutii wenye mamlaka? Mbona nyie mashekhe mnatutia huruma za kutufanya tupingane na amri?"

Watu wakacheka kidogo. Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu Isha ilikuwa imekaribia. Lakini jibu lile halikunitosha hata mimi mwenyewe, nikarudi nalo nyumbani nikalala nalo. Ndiyo maana leo naandika kwa kirefu. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaandika maoni yako.

Nianze na meli.

Aprili 2015 nchi jirani ya Burundi iliingia katika machafuko, baada ya Rais Nkurunziza kutangaza kugombea muhula wa tatu. Watu wakakimbia. Maelfu kwa maelfu wakaangukia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilicho ukingoni kabisa mwa Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka. Aliyefika Kagunga anakijua: mbele ziwa, nyuma mlima, wala barabara ya gari hakuna. Watu makumi ya maelfu wakalala ufukweni, wakinywa maji ya ziwa lile lile wanaloogea. Kipindupindu kikaingia, na takriban watu 30 wakafa.

Aliyewaondoa ni nani? Meli yetu ya Liemba. Meli ile ile kongwe ambayo Wajerumani waliileta vipande vipande na kuiunga Kigoma, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiibua na kuirudisha kazini mwaka 1927. Meli ya abiria na mizigo, ya dagaa na mananasi na magunia ya mahindi. Haikuweza kusogea ufukweni Kagunga, ikatia nanga mbali kidogo, na watu wakapelekwa kwa mitumbwi na boti ndogo, mama na kichanga mgongoni, wazee wakibebwa. Kila safari ilichukua watu mia kadhaa. Kigoma wakapokelewa kwanza katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu, ile iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo.

Hakuna aliyemwambia nahodha wa Liemba: rudi nao ulikowatoa.

Sasa nikupeleke mbali kidogo. Agosti 2001, katika Bahari ya Hindi upande wa Australia, meli ya mizigo ya Norway iitwayo Tampa iliokoa watu 433 waliokuwa wakizama na jahazi lao la mbao. Wengi wao walikuwa Waislamu kutoka Afghanistan. Nahodha wake, Arne Rinnan, alifanya lile ambalo sheria ya bahari inamwamuru kila nahodha: ukimkuta mtu yuko hatarini majini, unamtoa kwanza, humuulizi pasipoti. Akawaelekeza kwenye nchi kavu ya karibu, kisiwa cha Christmas kilicho chini ya Australia. Australia ikakataa. Watu wakakaa juu ya sitaha siku kadhaa, meli ile haina vyoo wala chakula cha watu wote hao. Nahodha alipoamua kuingia, askari wakapanda melini. Mwisho watu wale wakahamishiwa manowari na wengi wao wakapelekwa Nauru, kisiwa kidogo cha mbali, na wengine New Zealand.

Australia ni tajiri kuliko Tanzania mara nyingi mno, na watu wenyewe ni 433 tu. Kagunga walikuwa makumi ya maelfu. Tofauti hiyo haikutoka kwenye mali. Basi ilitoka wapi? Shika swali hilo, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye dini yetu.

Hijra ya kwanza katika Uislamu haikuwa ya Madina. Ilikuwa ya Habasha, katika mwezi wa Rajab mwaka wa tano wa utume. Makureshi walipozidisha mateso, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza maswahaba waende kwa mfalme wa Habasha, kwa kuwa kwake hadhulumiwi mtu. Wakatoka kwa siri, wanaume kiasi cha kumi na moja au kumi na wawili na wanawake wanne, miongoni mwao Uthman bin Affan na mkewe Ruqayya, binti yake Mtume. Wakafika pwani ya Shu'ayba. Na wanahistoria wa sira wametaja jambo ambalo wengi wetu tunalipita haraka: wakakuta vyombo viwili vya wafanyabiashara, vikawachukua kwa nusu dinari. Makureshi wakawafuata mpaka ufukweni, wakakuta wameshaondoka.

Ndugu yangu, tafakari hapo. Binti wa Mtume alikuwa mkimbizi juu ya chombo cha wafanyabiashara. Lau manahodha wale wangesema "haya ni mambo ya siasa za Makka, hayatuhusu," tungekuwa tunasimulia nini leo?

Kisha Makureshi wakatuma ujumbe, Amr bin al-As na mwenzake, wakiwa na zawadi za ngozi nzuri za kuwalainisha wakubwa wa ikulu. Ombi lao lilikuwa fupi: hawa ni vijana wetu wajinga walioasi, turudishieni, na wala usiwe na haja ya kuwasikiliza. Najashi akakataa. Akasema kwa maana kwamba hawezi kuwatoa watu walioikimbilia nchi yake mpaka awaite asikie wenyewe wanasema nini. Akamsikiliza Ja'far bin Abi Talib, akasikiliza aya za Suratu Maryam, akalia, akazirudisha zawadi za Makureshi. Na mfalme huyo wakati ule hakuwa Muislamu. Alipokuja kufa, Mtume (s.a.w.) alimswalia akiwa Madina.

Ninapata mambo mawili hapa. La kwanza, aliyeingia kwako akikimbia kifo humrudishi kwa anayemfukuza kwa sababu ya zawadi au urafiki wa watawala. La pili, unamsikiliza kabla ya kumhukumu. Na katika Suratut-Tawba aya ya 6 Allah amemwamrisha Mtume wake kwamba hata mshirikina akiomba ulinzi, apewe, asikie maneno ya Allah, kisha afikishwe mahali pa amani yake. Zingatia: afikishwe mahali pa amani. Aya haikuishia kwenye kumwachia njiani.

Turudi kwa kijana wangu na swali la utii.

Ni kweli, Suratun-Nisaa aya ya 59 imetuamrisha kuwatii wenye mamlaka miongoni mwetu. Mimi si mtu wa kuchochea uasi, na miaka yote niliyosimama kwenye mimbari mnanijua. Serikali ina haki ya kulinda mpaka. Ina haki ya kumwandikisha kila anayeingia, kumpekua, kumnyang'anya silaha, na kumpangia pa kukaa. Na wewe ukigongewa usiku na mtu usiyemjua anayesema amekimbia vita, usimfiche uvunguni. Mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa aandikishwe. Lakini kabla ya kumpeleka mpe maji, mpe chakula, mfunike mtoto wake nguo. Hakuna utii uliovunjwa hapo.

Ila utii si ububu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba dini ni nasaha, na akawataja viongozi wa Waislamu miongoni mwa wanaopewa nasaha hiyo. Basi haya ninayoandika ni nasaha ya raia kwa wakubwa wake, iliyo wazi, isiyo na matusi.

Nayajua yanayosemwa upande wa pili, na siyadharau. Miaka ya 1990 ndugu zetu wa Kigoma na Kagera walipata shida. Aprili 1994 Wanyarwanda kiasi cha robo milioni walivuka Rusumo ndani ya siku moja na ushei. Misitu ikaliwa kwa kuni, ujambazi ukaongezeka, wenye silaha wakajificha miongoni mwa wasio na hatia. Machi 1995 serikali ikafunga mpaka na Burundi, na Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwa mkupuo. Kisha Januari 2017 serikali ikaacha utaratibu wa kuwapokea Warundi kwa jumla, ikasema kila mmoja asikilizwe peke yake. Kuanzia Septemba mwaka ule wakaanza kurejeshwa kwao kwa hiari, na zaidi ya laki moja wamerudi. Na nchi tajiri zinatoa hotuba nzuri huku michango yao kwa kambi haitoshi. Mzigo tumebeba sisi maskini. Hilo ni dhulma na lisemwe.

Lakini hebu tupime kwa mizani ya Najashi. Kumsikiliza mtu mmoja mmoja si jambo baya, bali ndilo alilofanya mfalme yule. Sharti lake ni kwamba kusikiliza kuwe kusikiliza: mtu aingie, akae, aseme, apewe jibu. Mtu aliyezuiwa katikati ya ziwa hajasikilizwa, ameamuliwa kabla hajafungua mdomo. Ni hivyo hivyo na neno "hiari". Anayerudi kwao kwa sababu moyo wake umetulia, huyo tumuage kwa dua na tumpe nauli. Anayerudi kwa sababu soko la kambini limefungwa, na posho imepungua, na kila siku anaambiwa wakati wako umekwisha, hiari yake iko wapi? Mikataba tuliyoiridhia wenyewe, ule wa Geneva wa 1951 na ule wa Umoja wa nchi huru za Afrika wa 1969, imekataza kumrudisha mtu kwenye hatari. Na sisi Waislamu tumeamrishwa mwanzoni mwa Suratul-Maida kutimiza mikataba. Hiyo nayo ni amri.

Sasa nakujibu lile swali la Tampa na Kagunga. Naona tofauti ni kumbukumbu. Watu wa huku magharibi tunakumbuka kwamba kila mmoja wetu alitoka mahali.

Wewe wa Tabora, hebu tazama mji wako. Nani alipanda haya maembe? Njia hii ya kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ilikanyagwa na Wanyamwezi wapagazi, Waarabu, Waswahili wa pwani, na Wamanyema waliovuka ziwa kutoka Kongo, wengine kwa biashara, wengine kwa minyororo. Dini yenyewe tunayoswali nayo ilitufikia ikitembea kwa miguu katika njia hiyo, mikononi mwa wageni ambao babu zetu waliwapa maji.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mmanyema. Alivuka Ziwa Tanganyika akiwa msichana mdogo, familia yao ikikimbia kazi za nguvu na kodi za Mbelgiji. Alitusimulia walivyovuka usiku ndani ya mtumbwi wa mfanyabiashara wa samaki, wakalazwa chini ya mikeka. Yule mfanyabiashara alimjua kwa jina moja tu, wala hakujua alikozikwa. Kila Ramadhani, mpaka anakufa, bibi alikuwa akimtaja katika dua yake baada ya kufuturu. Mimi ninayekuandikia nipo kwa sababu mtu mmoja mwenye chombo hakuuliza sana.

Na tusijione kwamba ukimbizi ni wa Warundi na Wakongo tu. Januari 2001, baada ya vurugu za Zanzibar, Wapemba zaidi ya 2,000 walipanda majahazi na ngalawa wakavuka mpaka Shimoni, Kenya. Watanzania hao, na wengi wao Waislamu wenzetu. Kenya iliwapokea. Hujafa hujaumbika, ndugu yangu. Hujui kesho nani atakuwa melini na nani atakuwa ufukweni.

Tena tunao ushahidi hapa hapa mkoani kwetu. Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji, serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapa ardhi, wengine Katumba, baadaye Mishamo, na wengine hapa kwetu Ulyankulu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakapewa jembe kweli. Wamelima mahindi, wamelima tumbaku, wamelipa kodi, wamezaa na kuzikana nasi. Oktoba 2014, chini ya Rais Kikwete, takriban watu 162,000 wa makazi hayo wakapewa vyeti vya uraia. Mwalimu alipewa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa kazi yake kwa wakimbizi. Na mwaka 2002 nishani hiyo hiyo wakapewa nahodha Rinnan, mabaharia wake na wenye meli ya Tampa. Yaani dunia ilimweka rais wetu na nahodha yule katika safu moja.

Halafu leo kijana aliyezaliwa Ulyankulu, mwenye cheti, mwenye kadi ya kura, anakuja kuposa mjini na mjomba wa binti anasema: "Huyo si mkimbizi huyo?" Limenifika mezani hilo, na silisimulii zaidi kwa heshima ya familia. Nilimuuliza mjomba yule swali moja: bibi yako alikuwa kabila gani? Akanyamaza.

Na sasa niseme langu, nisije nikawa wa kuhubiri wengine na kujisahau. Mei ile ya 2015 vijana wa msikitini kwetu walinijia, wakataka tuchangishe mablanketi na sabuni kwa ajili ya watu wa Kagunga. Nikawaambia wasubiri, tumalize kwanza kuezeka upande wa kinamama, na kwamba mashirika makubwa yapo yatafanya. Wakaondoka kimya. Ijumaa iliyofuata mama mmoja mzee, muuza karanga, alinisimamisha mlangoni, akanipa doti moja ya khanga mpya ndani ya karatasi. Akasema, "Shekhe, huko ziwani kuna waliojifungua. Hizi nilikuwa nimejiwekea." Sikuwa na la kujibu. Tulianza kuchangisha siku ile ile, lakini majuma mawili yalikuwa yameshapita, na Kagunga watu walikuwa wameshazikwa. Paa la kinamama tuliliezeka baadaye na halikutudhuru kuchelewa. Allah anisamehe kwa majuma yale mawili.

Katika Suratul-Hashr aya ya 9 Allah anawasifu Ansari kwamba waliwapenda waliohamia kwao, na wakawatanguliza juu ya nafsi zao ijapokuwa wao wenyewe walikuwa na uhitaji. Hawakusifiwa kwa kutoa ziada. Mimi mwaka ule nilikuwa nasubiri ziada.

Basi nasaha yangu kwa wakubwa wetu ni mambo matatu:

1. Chombo chochote, kiwe meli ya mizigo baharini au mtumbwi ziwani, kikileta watu waliookolewa, wateremke kwanza. Upekuzi na maswali yafanyike nchi kavu.

2. Kila mmoja asikilizwe kwa haki kabla ya kuambiwa arudi, na asirudishwe yeyote kwa vitisho au kwa kubanwa tumbo.

3. Mataifa tajiri yadaiwe sehemu yao bila haya. Lakini deni lao lisilipwe na mtoto aliyeko ndani ya mtumbwi.

Na kwako wewe unayesoma, mambo manne:

1. Chunga ulimi. Usimwite raia mwenzako mkimbizi kwa kumtweza, na usiseme "Warundi wezi" kwa kosa la mmoja. Suratul-Hujurat imeshatukataza dhihaka na majina mabaya.

2. Msafiri aliyekatikiwa, ibnu sabil, ni mmoja wa wanane wanaostahiki zaka katika Suratut-Tawba aya ya 60. Unapogawa zaka yako mwaka huu mkumbuke.

3. Akija kuposa mwenye dini na tabia njema, muulize swala na kazi yake. Usimuulize babu yake alivuka mto gani.

4. Ukikutana na diwani wako au mbunge wako, mwambie haya kwa adabu. Nasaha isiyomfikia mhusika ni umbea.

Kijana wangu uliyeuliza, najua unasoma. Swali lako lilikuwa zuri, wala sikukasirika. Mtii mwenye mamlaka, na umwambie ukweli, vyote viwili kwa pamoja. Najashi alikuwa mwenye mamlaka naye, na Allah alimwongoza kwa sababu alikubali kusikiliza.

Ewe Allah, walio majini usiku huu, baharini na ziwani, wafikishe nchi kavu. Walio kambini warejeshee amani ya makwao, warudi kwa furaha na si kwa hofu. Wape viongozi wetu hekima na huruma. Mrehemu yule mwenye mtumbwi aliyemvusha bibi yangu, na wote waliovusha watu bila kuwauliza sana. Na utusamehe tuliochelewa. Amin.

Ukiona kuna faida, mfikishie mwenzako. Ukiona nimekosea, nirekebishe kwa dalili, nami nitakushukuru.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Ndugu yenu, imamu wa msikiti, Tabora